Mizzipy, Mammoth au Mississippi: riwaya ipi ya Marekani mbadala uanze nayo?

Riwaya za fantasia zinazoigeuza historia ya walowezi wa Marekani zimekuwa nyingi kiasi cha kumchanganya anayezianza, na maelezo yake yakifupishwa hukaribia kufanana: kijana mmoja, nchi pana, nguvu za ajabu, na mto ambao ng'ambo yake hakuna aijuaye vizuri. Hapa nalinganisha tatu nilizozisoma zaidi ya mara moja, nazo ni Seventh Son ya Orson Scott Card, iliyotoka mwaka 1987, Thirteenth Child ya Patricia C. Wrede ya mwaka 2009, na Dread Nation ya Justina Ireland ya mwaka 2018. Zote zimeandikwa kwa Kiingereza na kila moja ni juzuu ya kwanza ya mfululizo, kwa hiyo anayechagua kitabu anachagua pia safari ya juzuu mbili, tatu au sita.

Neno "mpaka", ambalo halikwepeki katika mazungumzo ya riwaya hizi, linahitaji kuwekwa sawa kwanza. Mpaka huu hauna bendera wala kizuizi cha forodha. Ni ukingo wa makazi ya Wazungu uliokuwa ukisogea magharibi mwaka hadi mwaka: ulivuka milima ya Appalachia katika karne ya 18, ukavuka mto Mississippi baada ya Marekani kuinunua Louisiana kutoka kwa Wafaransa mwaka 1803 kwa dola milioni 15, na ukaendelea hadi ofisi ya sensa ilipotangaza, kutokana na hesabu ya mwaka 1890, kwamba ukingo wenyewe hauonekani tena. Kiingereza kina maneno kadhaa ya kuwasifu watu waliousogeza. Sisi tunalo neno mlowezi, na sidhani kama yupo msomaji wa Kenya au Tanzania anayelisikia bila kujiuliza ardhi hiyo ilikuwa ya nani kabla mlowezi hajafika. Swali hilo ndilo nililolitumia kuzipima riwaya hizi. Mwandishi wa historia mbadala huchomoa uzi mmoja katika nguo ya mambo yaliyotokea. Kazi ya mlinganishaji ni kutazama ni uzi gani, na nguo imefumuka upande wa nani.

Uzi uliochomolewa

Card amechomoa uzi wa siasa akawaacha watu. Katika dunia yake ufalme haukurejea Uingereza baada ya Oliver Cromwell, kiongozi aliyeitawala nchi hiyo bila mfalme. Nchi hiyo ingali inatawaliwa na Bwana Mlinzi, na wafalme wa ukoo wa Stuart wamekimbilia makoloni ya kusini mwa Amerika wakaweka baraza lao huko. Marekani yenyewe ni nchi ndogo iliyobanwa na majirani, na mojawapo ya majimbo yake ni Irrakwa, yaani watu wa Iroquois walioingia katika muungano wakiwa na jimbo lao na sauti yao. George Washington amekatwa kichwa. Benjamin Franklin amekufa huku watu wakinong'ona kwamba alikuwa mchawi. Mito yote iko mahali pake, ila majina yameandikwa kama yanavyotoka kinywani mwa mkulima asiyejali tahajia: Hio badala ya Ohio, Wobbish badala ya Wabash, Mizzipy badala ya Mississippi. Ni mzaha mdogo, lakini una kazi. Majina hayo yote yana asili ya lugha za wenyeji, na Card, kwa kuyapinda, anatukumbusha kwamba mlowezi aliyakuta yakitamkwa na watu wengine.

Wrede amefanya kinyume kabisa: amewachomoa watu akaiacha siasa. Katika dunia yake hakuna binadamu aliyevuka kutoka Asia kuingia Amerika enzi za barafu, kwa hiyo walowezi walipofika walikuta bara lenye wanyama peke yao, wakiwamo mamothi, vifaru wenye manyoya na majoka yanayopuliza mvuke. Franklin na Jefferson, waasisi wa Marekani ambao humu ni waganga wakubwa, wameweka kando ya mto mkuu kinga inayoitwa Great Barrier, na kinga hiyo huwazuia wanyama wa magharibi wasivuke kuja mashariki mwa nchi, ambayo hapa inaitwa Columbia. Mwanapwani ataielewa kwa neno moja tu, zindiko, hasa ikiwa amewahi kusikia wazee wakisimulia jinsi ng'ombe wa Mwaka alivyozungushwa mji mzima kabla ya kuchinjwa ili mabaya yabaki nje. Mto wenyewe ni Mississippi huu huu tunaoujua, lakini unaitwa Mammoth, na hapo Wrede anastahili sifa kwa kulifuata wazo lake mpaka mwisho. Jina Mississippi limetokana na maneno ya Kiojibwe yenye maana ya mto mkubwa; wasipokuwapo Waojibwe, jina nalo haliwezi kuwapo.

Ireland amechomoa kifo. Katika vita vya Gettysburg, Julai 1863, maiti wanainuka na kuanza kula walio hai, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vinakatika kwa sababu pande zote mbili zimepata adui mmoja. Utumwa unafutwa kwa maandishi, kisha sheria mpya inawalazimisha watoto weusi na watoto wa wenyeji wa asili kwenda katika shule za mapambano, wakafundishwe kuwaua wafu ili Wazungu walale usingizi. Majina ya mahali hayajaguswa. Baltimore ni Baltimore, Kansas ni Kansas, na Mississippi ni Mississippi. Mwandishi hakuhitaji kuyabadili, kwa kuwa nchi anayoieleza imebadilika kidogo mno kuliko inavyodai.

Walioishi hapo kwanza

Hapa ndipo hesabu inapokuwa ngumu, na nitakawia kidogo.

Thirteenth Child ilipotoka ilizua mjadala mkali miongoni mwa wasomaji wa fantasia, na hoja kuu ya waliokasirika ilikuwa rahisi: mwandishi aliyetaka kisa cha walowezi kisicho na dhuluma amewafuta waliodhulumiwa badala ya kuifuta dhuluma. Waliomtetea walisema kwamba bara tupu ni wazo halali la fantasia na kwamba hakuna anayelazimika kuandika juu ya kila kitu. Nimejaribu kuukubali utetezi huo na nimeshindwa, kwa sababu ya chakula. Mahindi hayakuota yenyewe. Yalitokana na nyasi ya porini huko Mexico, iliyochaguliwa punje kwa punje na wakulima kwa maelfu ya miaka mpaka ikawa gunzi. Muhogo, karanga, nyanya, pilipili na viazi vilitoka mikononi mwa watu wa bara hilo hilo, na mengi kati ya hayo yalifika pwani yetu kwa majahazi ya Wareno. Watoe wenyeji wa Amerika katika historia na hata sufuria ya ugali ya jioni ya leo inabaki na maji matupu. Wrede ameondoa mamilioni ya watu halafu akawabakiza Franklin, Jefferson, mpango wa kugawa mashamba na mji wa mpakani wenye chuo, kana kwamba hao wote wangekuwa vilevile bila tumbaku, bila mahindi, bila biashara ya ngozi za wanyama na bila vita vilivyopiganwa kwa ajili ya ardhi. Mtu anaweza kuifurahia riwaya hii, nami niliifurahia, lakini msingi wake una ufa ambao hauzibiki.

Upande mmoja wa riwaya hiyo, hata hivyo, unamgusa msomaji wa Afrika kwa namna nyingine. Uganga katika dunia ya Wrede umegawanyika katika mapokeo makubwa matatu, moja la Ulaya, moja la Asia na moja la Afrika, ambayo humo inaandikwa Aphrika. Bi Ochiba, mwalimu mweusi wa msichana anayesimulia, humfundisha njia ya Kiafrika, ambayo haianzi kwa kukilazimisha kitu kiwe unavyotaka. Huanza kwa kukitazama na kukisikiliza mpaka ujue chenyewe kinaelekea wapi. Yuko pia Wash, mganga mweusi anayezunguka kwa farasi katika vijiji vya ng'ambo ya mto, akiwahudumia walowezi wasioweza kujikinga. Wawili hao ndio wenye hekima kuliko wengine wote kitabuni, nao si wahusika wa kupita tu. Inashangaza kwamba mwandishi aliyejitahidi hivyo kwa Waafrika aliona ni sawa kuliacha bara zima bila wenyewe.

Kwa Card, wenyeji wapo, lakini anayeishia juzuu ya kwanza hatawaona vya kutosha. Katika Seventh Son wanapita pembezoni, mmoja wao akionekana kama mtu anayeng'aa gizani mbele ya kitanda cha mtoto. Ni juzuu ya pili, Red Prophet, ya mwaka 1988, inayowaleta mbele ndugu wawili wa Shawnee tunaowajua katika historia, Tecumseh na nduguye aliyeitwa Nabii, kwa majina yaliyopindwa kidogo. Katika historia yetu, tarehe 7 Novemba 1811, wakati Tecumseh yuko safarini kusini akitafuta washirika, jeshi la gavana William Henry Harrison lilipigana na wafuasi wa Nabii kando ya mto Tippecanoe na kisha likakichoma kijiji chao. Tecumseh aliuawa vitani mwaka 1813. Harrison alikuja kuwa rais mwaka 1841 na kufa baada ya mwezi mmoja madarakani. Card anaichukua siku hiyo ya Tippecanoe, anaigeuza, na anawapa wauaji adhabu ambayo sitaitaja hapa isipokuwa kusema kwamba ni adhabu ya ulimi wala si ya panga. Kwangu mimi hizo ndizo kurasa zenye nguvu kuliko zote katika vitabu vyote ninavyovilinganisha.

Kasoro yake nayo isifichwe. Wenyeji wa Card wana umoja na ardhi, na nyayo zao hazivunji hata kijiti msituni, kiasi kwamba mara nyingine wanaonekana viumbe watakatifu badala ya watu wanaochoka, wanaokosea na wanaogombana juu ya mahari. Kusifiwa kupita kiasi nako ni aina ya kusukumwa kando.

Ireland hana tatizo hilo, kwa sababu hana muda wa kumtukuza mtu. Shule zake za mapambano hazikutoka hewani: mwaka 1879 serikali ya Marekani ilifungua shule ya bweni ya Carlisle, Pennsylvania, ambako watoto wa wenyeji wa asili walinyolewa nywele, wakabadilishwa majina na kukatazwa lugha zao, na shule nyingine nyingi zikaiga mfano huo. Riwaya imezichukua shule hizo, ikazijaza pia wasichana weusi, ikawapa mundu na bunduki. Anayeijua Carlisle atasoma sura za mwanzo kwa uchungu. Asiyeijua atazisoma kama kisa cha kusisimua, kisha atashtuka baadaye.

Karama, elimu na mundu

Kiingereza hutumia neno moja, magic, kwa mambo ambayo sisi tunayatenga. Uchawi una nia mbaya, uganga una mafunzo na kazi, karama mtu huzaliwa nayo, na zindiko ni kinga ya nyumba au mji. Nikizipanga riwaya hizi kwa maneno yetu, tofauti zake zinakuwa wazi haraka.

Dunia ya Card ni ya karama. Mmoja hujua mahali pa kuchimba kisima, mwingine huwasha moto bila kiberiti, na nyumba zina mazindiko yaliyochongwa au kusukwa juu ya milango, huku wachungaji wakikemea yote hayo kuwa ushirikina. Alvin, mhusika mkuu, ni mwana wa saba wa mwana wa saba, na kuzaliwa kwake ni tukio la kwanza kubwa kitabuni. Familia inavuka mto Hatrack kwa gari la kukokotwa, mvua inanyesha, mama ameshikwa na uchungu. Maji yanajaa ghafla, na mti mzima uliong'oka na mizizi yake unashuka na mkondo kuelekea gari alimo mama. Vigor, kijana mkubwa kuliko ndugu zake wote wa kiume, anaurukia ule mti ili augeuze. Unageuka, naye ananaswa. Karama ya mwana wa saba hutimia tu ikiwa ndugu sita waliomtangulia wote wako hai anapozaliwa. Kwa hiyo Vigor, aliyepondwapondwa ndani ya maji, anakataa kukata roho mpaka kitoto kilie. Mambo hayo yote tunayaona kupitia kwa Peggy, mtoto wa miaka mitano wa nyumba ya wageni iliyo karibu, ambaye karama yake ni kuuona moto wa uhai ulio ndani ya kila mtu. Kwetu namba saba haihitaji kuelezwa. Neno fungate lenyewe, la siku za arusi, limebeba saba ya zamani ndani yake.

Tukio jingine ni dogo zaidi nami nalipenda zaidi. Alvin ana mapatano ya kimyakimya na mende wa chumbani mwake: wao hawapandi kitandani kwake, yeye hawaui. Siku moja dada zake wanamchokoza kwa kumfichia sindano katika vazi la kulalia. Ili alipize, anawatumia mende habari kwamba chumba cha wasichana kina chakula na hakina hatari. Mende wanamwamini. Wanakwenda, wasichana wanapiga mayowe na kuwakanyaga, na kaka yao anacheka mpaka anatosheka. Halafu kicheko kinakatika, kwa sababu anaelewa alichokifanya: viumbe waliomwamini wamekufa kwa neno lake. Kutokana na usiku huo anaweka ahadi ya kutoitumia karama yake kwa faida yake mwenyewe, na ahadi hiyo itamgharimu sana siku jiwe la kinu litakapomvunja mguu. Sijui riwaya nyingine ya aina hii inayoweza kutoa somo zito la madaraka kutokana na mende.

Mguu huo una historia nyuma yake. Card ni muumini wa kanisa la Mormon, na kisa cha Alvin amekifuma juu ya maisha ya Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa hilo, aliyezaliwa Vermont mwaka 1805, aliyefanyiwa upasuaji wa mfupa wa mguu akiwa mtoto, na aliyekuwa na kaka aitwaye Alvin. Si lazima kuyajua hayo ili kuifuata hadithi. Anayeyajua, hata hivyo, ataona kwa nini dini inapata nafasi kubwa hivyo, na kwa nini adui mkuu, nguvu inayobomoa kila kilichojengwa na inayopenda kutumia maji, humjia mchungaji akiwa amevaa sura ya malaika.

Dunia ya Wrede ni ya uganga wenye shule. Watoto hujifunza mazindiko kama wanavyojifunza hesabu, vyuo vina maprofesa wake, na ofisi ya makazi haimruhusu mtu kwenda kuishi ng'ambo ya mto bila kijiji kuwa na mganga wa kukilinda. Wazo la ofisi hiyo limechukuliwa bila kificho kutoka sheria ya mashamba ya mwaka 1862, iliyompa mtu ekari 160 za serikali akiishi na kulima kwa miaka mitano. Msimulizi ni Eff, mtoto wa kumi na tatu katika familia ambayo pacha wake, Lan, ndiye mwana wa saba wa mwana wa saba. Lan anapongezwa tangu utotoni. Eff anaambiwa na ndugu wa ukoo kwamba ataharibika na kuwaharibu wengine. Namba kumi na tatu haina kitisho kwetu, lakini aliyesikia habari za kigego, mtoto aliyeonekana nuksi kwa kuanza kuota meno ya juu, atamwelewa Eff mara moja. Tofauti ni kwamba Eff ameziamini lawama zile. Anaishi akijichunga kama mtu aliyebeba chungu chenye ufa, anaogopa hasira yake mwenyewe, na riwaya nzima ni miaka kumi na mitatu ya kumwondolea mzigo huo pole pole. Kisa kinakwenda taratibu, kwa maisha ya kila siku, harusi, masomo na maradhi, mpaka wadudu wanapovamia mashamba ya walowezi na kuonekana kwamba kijiji cha watu wanaoukataa uganga kabisa kimesalimika kuliko vingine. Anayetaka mapigano kila sura atachoka mapema.

Dread Nation haina karama wala elimu ya namna hiyo. Ina wafu na ina mundu. Jane McKeene, binti wa mama Mzungu mwenye shamba kubwa huko Kentucky, anasoma katika shule ya mapambano mjini Baltimore ili aje kuwa mlinzi wa bibi tajiri. Sura zake hufunguliwa kwa vipande vya barua kati yake na mama yake, na utamu wa barua zake uko katika pengo kati ya anachoandika na kinachotokea. Nusu ya pili inampeleka Summerland, mji wa Kansas wenye ukuta, mchungaji wa kanisa la chuki akihubiri kwamba Mungu amepanga rangi za watu kwa daraja, na weusi wakiwekwa mstari wa mbele kufa. Mwenzake Katherine, ambaye ngozi yake nyeupe inamwezesha kupita kama Mzungu, analazimika kuigiza nafasi hiyo, na urafiki wao unaoanza kwa kutopendana ndio uti wa mgongo wa kitabu.

Ya kuzingatia kabla ya kununua

Lugha ya Card ni ngumu zaidi ya wote kwa anayesoma Kiingereza kama lugha ya pili. Wahusika wanazungumza Kiingereza cha mashambani cha miaka ya 1800, chenye sarufi iliyopindwa na methali zao, na kurasa thelathini za kwanza zinahitaji subira. Eff anasimulia kwa sentensi nyepesi na safi. Mwanafunzi wa sekondari ataimaliza bila kamusi. Jane ana ulimi mkali na mzaha, na lugha yake ni ya kati.

Upande wa ukamilifu wa mfululizo, Card ametoa juzuu sita kati ya 1987 na 2003 bila kukifunga kisa, jambo linalowaudhi wasomaji wake mpaka leo. Trilojia ya Wrede ilikamilika mwaka 2012. Ya Ireland ni juzuu mbili tu, ya pili, Deathless Divide, ikiwa ya mwaka 2020. Anayechukia kuachwa njiani asianze na Card, au aanze naye akijua kwamba atasoma juzuu tatu za mwanzo kisha atulie, kwa kuwa baada ya Prentice Alvin ya 1989, iliyo na habari za utumwa na za mtoto wa mtumwa aitwaye Arthur Stuart, kasi inapungua.

Kwa umri, Thirteenth Child inafaa kuanzia miaka kumi na mbili, ikiwa mzazi au mwalimu atakuwa tayari kuulizwa waliko wenyeji. Dread Nation ina damu, vichwa vinavyokatwa na mijeledi. Si ya kumpa mtoto kabla ya miaka kumi na minne.

Kama kuna anayekataa zote tatu kwa sababu anataka barabara, farasi na nchi yenye wenyeji wanaofanya mapatano badala ya kufutwa, yuko Silver on the Road ya Laura Anne Gilman, ya mwaka 2015, ambamo eneo kubwa la magharibi ya mto Mississippi liko chini ya ulinzi wa mtu aitwaye shetani, na msichana wa miaka kumi na sita anachagua kumfanyia kazi. Sikuiweka katika ulinganisho mkuu kwa kuwa mwendo wake ni wa safari kuliko wa historia.

Mimi nachagua Seventh Son, kwa sharti kwamba Red Prophet inunuliwe siku hiyo hiyo. Peke yake juzuu ya kwanza ni nusu ya hoja. Anayesoma kwa hasira ya haki na anayetaka kitabu kimoja kinachosimama chenyewe achukue Dread Nation. Thirteenth Child ningeiweka ya tatu, ingawa ni Eff ninayemkumbuka mara nyingi kuliko Alvin au Jane.

Nakala zikiwa mkononi, njia ya haraka ya kuamua ni kusoma kurasa za kwanza za kila moja. Jane anaanza kwa kueleza kwamba siku aliyozaliwa ndiyo siku ya kwanza mtu kujaribu kumuua. Eff anaanza kwa kusema kwamba kila mtu anajua mwana wa saba ana bahati. Card anaanza na Peggy akiwa bandani, anaogopa kuokota yai chini ya kuku mkali. Kwa anayesitasita hata baada ya hapo, mimi humfungulia sura ya mende, nikamwachia kitabu mezani.